Siku Niliyokubali kwa Kunyamaza

Kigelegele ndicho kilichonishtua. Shangazi alikuwa amekaa kando yangu kitandani, goti lake limegusa goti langu, ananiuliza kwa sauti ya chini. Ghafla akasimama, akafungua mlango wa chumba, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na mama akakipokea kule jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa vilevile. Midomo yangu ilikuwa bado imebana. Neno langu halikuwa limetoka, na tayari nilikuwa mchumba wa mtu.

Naandika nikijua kwamba kila aliyekuwepo siku ile angeyaandika haya kwa namna yake, na huenda wao wana haki kuliko mimi. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Daftari nimelizoea kwa sababu halinisubiri nimalize. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Nina kigugumizi tangu nilipoanza kusema. Wapo wenye kigugumizi cha kurudiarudia, ka-ka-ka, na hao angalau kila mtu anasikia kwamba wanasema. Changu mara nyingine kiko hivyo. Lakini kwa maneno yanayoanza na midomo kufungwa, mimi nafungwa kabisa. Midomo inabana, pumzi inakaa nyuma yake, na haitoki hata sauti ya mbu. Kwa nje naonekana mtu aliyenyamaza. Kwa ndani nasukuma mlango kwa bega.

Tena nikikwama huangalia chini. Sikumbuki nilianza lini. Bibi aliyenilea hapa Sindeni alikuwa akisema macho ya mtoto yanakaa chini, ya mkubwa yanakaa juu, ndiyo heshima. Kwa watoto wengine ilikuwa heshima tu. Kwangu ilikuwa maficho pia, kwa sababu nikiangalia chini siwaoni wanaonisubiri. Nilisifiwa sana. "Mtoto wa watu, ana adabu," walisema wageni, na mimi nilikuwa nimekwama kwenye "shikamoo".

Kwetu binti haulizwi na baba yake kama anakubali posa. Anaulizwa na shangazi, chumbani, mara tatu. Binti anayekataa hulia, au husimama akatoka nje. Binti anayekubali hunyamaza na kuangalia chini. Hivyo ndivyo shangazi zetu wote wanavyosoma, na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye anayeletwa kutoka Kwedizinga kila binti wa ukoo anapopata barua. Anajua kazi yake. Alinieleza vizuri, bila kunikaripia. Alisema watu wa Kwashemshi wameleta barua, kijana mwenyewe ni mkulima, ana shamba la ndizi na maharage kule mlimani, hanywi, hana mke. Akasema jina lake. Nilimjua.

"Umekubali, mwanangu?"

Neno nililotaka kusema ni "Bado." Sikuwa nakataa. Wala sikuwa nakubali. Nilitaka kwanza yule mtu anisikie ninavyosema, maana alikuwa hajawahi kunisikia hata mara moja, halafu ndipo aseme kama ananitaka, na mimi niseme yangu. Ni hilo tu. Lakini "bado" inaanza na midomo kufungwa.

Aliuliza mara ya pili. Nilikuwa naangalia miguu yake, kisigino kimoja kimepasuka kwa jembe. Aliuliza mara ya tatu. Sikulia. Sikutoka. Kigelegele.

Nieleze kwa nini hakuwahi kunisikia. Nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga hapa Sindeni. Napima mahindi kwenye mizani, naandika, nafunga unga. Mashine ikiunguruma hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo wote pale tuna kigugumizi kimoja. Watu wanaongea kwa macho na mikono: kidole kimoja ni sembe, kiganja bapa ni dona, kichwa kikitikiswa ni kwamba gunia lako limepungua. Usipomwangalia mtu usoni, unga unamwagika. Pale naangalia watu bila kufikiri. Yule kijana alikuwa anashuka msimu wa mavuno kununua mahindi vijijini, anayasaga kwetu, anapeleka unga Korogwe. Misimu miwili nilimpimia magunia, tukaonyeshana vidole, tukacheka mara moja gunia lilipopasuka akawa mweupe kama mzimu. Kumbe kwake hayo yalikuwa mazungumzo. Simlaumu. Hata kwangu yalikuwa mazungumzo.

Shangazi alilala kwetu siku ile, asubuhi akapanda gari kurudi Kwedizinga. Wageni walipangiwa kuja kuchukua jibu baada ya wiki mbili. Nilianza na mama.

"Sha-shangazi, si-si—"

"Si unaogopa. Kila mwali anaogopa, hata mimi niliogopa."

"Si-siyo—"

"Siyo mbali, Kwashemshi. Ukipanda gari asubuhi, saa sita uko hapa unakula ugali wa bada na sisi."

Mama yangu amekuwa akinimalizia maneno tangu nikiwa mdogo. Anafanya kwa huruma. Mara nyingi anapatia, na siku anazopatia nashukuru, siwezi kukana. Ndiyo maana siku asipopatia sina pa kumshika.

Basi nikamwandikia baba ujumbe kwenye simu. Tuko nyumba moja, yeye shambani, mimi mashineni. Niliandika: Baba, sikumjibu shangazi. Nilikwama. Sijakubali wala sijakataa. Nilikaa na simu mkononi mpaka mteja akanigonga bega. Jioni baba aliniita uani, simu ameishika mbali na macho kama anavyoishika siku zote.

"Nimesoma," alisema. "Mimi sitakulazimisha, mama. Lakini shangazi yako ameshapeleka jibu, na jibu la shangazi halirudishwi kwa simu. Wale watakuja. Utaitwa mbele yao. Kama una neno, nitakupa nafasi uliseme pale kwa mdomo wako. Usiposema, nitajua umekubali."

Baba aliona amenipa haki, na kweli alinipa. Haijawahi kutokea kwetu binti kupewa nafasi ya kusema mbele ya wageni. Lakini ni kama umwambie kiwete, sikuzuii, ukimbie tu mpaka kule. Na nilijua kwamba baba akisema jambo hulifuata. Nikinyamaza siku ile, nimeolewa.

Kwa siku kumi na mbili nilijaribu kulisema neno moja. Nilisema "bado" kisimani, nikalisema njiani, nikawaambia kuku. Peke yangu linatoka kama maji. Hilo linaniudhi hata leo. Mara nyingine nafikiri labda sina kigugumizi, nina woga, na kigugumizi ni jina zuri nililoupa. Niliwaza pia jambo baya zaidi: labda pale kitandani nilijiachia. Labda nilitaka shangazi aamue, ili kesho nikijuta niseme sikusema. Sijui. Nimeliandika mara nyingi katika daftari hili na bado sijui.

Fundi wetu wa mashine ni mtu wa makamo, babu yake aliletwa zamani kukata mkonge huko Korogwe, yeye akaja kuoa Handeni. Injini imemharibu masikio. Hanionei huruma hata kidogo, na ananitania kila siku.

"Binti," aliniambia siku moja, injini imezimwa, anakaza mkanda, "unasema na nani?"

Nilitaka kumwambia mteja wa dona anasubiri. Nikakwama, nikaangalia chini, naye akanigeuzia mgongo akaendelea na spana yake.

Nikamgusa. Nikaanza tena, nikakwama tena, nikaangalia chini. Akanipa mgongo tena.

"Kwa nini u-unageuka?" Hilo lilitoka, kwa hasira na kwa sauti kubwa, hata yeye akasikia.

"Si umemaliza?"

"Si-sijamaliza."

"Mimi nitajuaje? Sisikii. Ukiniangalia najua unakuja. Ukiangalia viatu vyangu najua umeenda zako. Usiongee na viatu, viatu havisikii."

Akacheka, akarudi kwenye mkanda. Hakujua amesema nini, na sikumwambia. Mimi nilisimama pale na daftari la mizani. Miaka ishirini na sita nilidhani watu wanakatisha maneno yangu kwa sababu hawana subira. Wengine hawana, ni kweli. Lakini wengine walidhani nimemaliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaonyesha kwamba nimemaliza. Shangazi aliuliza mara tatu, na mara zote tatu mimi niliangalia kisigino chake.

Wageni walikuja Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, kwa gari dogo kutoka Korogwe. Mshenga, mzee wa nyusi nene zilizokutana. Kijana mwenyewe, katika shati jeupe lenye mikunjo ya kutoka kwenye mfuko. Na mama mmoja mchangamfu, mke wa kaka yake, aliyebeba mkungu wa ndizi kama mtoto. Wanaume walikaa vitini, wanawake mkekani. Shangazi alikuwa amerudi. Mama hakujua lolote la baba na mimi, alikuwa anapika pilau anaimba.

Niliingizwa nimefunikwa kanga kichwani. Nikawaamkia wote, sauti ikatoka nusu. Mshenga akasema maneno yake mazuri, kwamba walileta barua na wamekuja kuchukua jibu kutoka kwa mwenyewe, ingawa jibu wanalo mfukoni. Watu wakacheka. Akaniuliza, "Binti, wageni hawa unawafahamu?"

Hapo ndipo binti hunyamaza, na shughuli inaendelea.

"Mama," baba akasema, "ulisema una neno."

Angeweza kusahau. Angeweza kukohoa tu. Hakusahau, na nitamshukuru kwa hilo hata akinikosea mengine yote.

Nikainua uso. Kanga ikateleza mpaka mabegani, sikuirudisha. Nikamwangalia mshenga usoni, nikaanza "bado", na midomo ikabana.

Sikuangalia chini. Sijui nieleze vipi ugumu wake. Ni kama kubeba ndoo ya maji kichwani na mtu anakutekenya. Shingo yenyewe ilikuwa inataka kuinama. Niliishikilia. Na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliona nyuso za watu wakati nimekwama.

Maisha yangu yote niliamini huko juu wanacheka. Hawakuwa wanacheka. Walikuwa wameogopa. Mshenga, mzee mzima, aliangalia vidole vyake. Alikuwa wa kwanza kuinamisha macho. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, midomo yake imebana sawasawa na yangu, anasukuma pamoja nami. Kijana alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya pikipiki mbovu. Nilishtuka kuliko wao. Nilijiuliza, hivi ndivyo walivyokuwa siku zote? Darasani, dukani, kisimani? Labda wengine walicheka, darasani najua walicheka. Lakini wangapi walikuwa wameogopa tu, na mimi niko chini nawahesabia dhambi?

Yule mama wa ndizi akashindwa kuvumilia. "Aibu tu hiyo, amekubali," akasema kwa wema, akaweka mkono mdomoni tayari kwa kigelegele.

Shangazi akanyoosha mkono wake mbele ya kifua cha yule mama, kama unavyozuia mtu asivuke barabara.

"Ngoja," alisema. "Hajamaliza. Mwangalieni macho."

Chai ya mshenga ilishafanya utando juu. Nilikuwa namwangalia sasa kijana mwenyewe.

"Bado," nikasema. Halafu mengine yakaja kwa kukatikakatika, "Na-nataka kwanza a-anisikie ninavyosema. Ha-hajawahi kunisikia."

Baba akasema, "Mmesikia." Mshenga akasema, "Tumesikia." Halafu hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika hapo. Mama ndiye aliyetuokoa. Aliingia na sinia la pilau, na watu wa Kwashemshi hawawezi kurudishwa na njaa kwa sababu ya neno moja.

Baada ya kula walituruhusu tusimame ukutani nje, shangazi amekaa kwenye kigoda hatua chache, anachambua mchele ambao ulishachambuliwa.

"Sikujua," kijana alisema.

"Hu-hukujua nini?"

"Kwamba unasema hivi. Pale mashineni unaniangalia kama trafiki. Nikasema, huyu haogopi mtu."

"Kule ku-kuna kelele."

"Eh. Kuna kelele." Akacheka kidogo, nami nikacheka. "Lakini niliuliza watu habari zako. Niliuliza nyumba tatu. Wote wakaniambia, binti mpole sana, hana maneno mengi."

Nilicheka mpaka shangazi akainua kichwa. Wala hawakumdanganya.

"Sasa, bado mpaka lini?" akauliza.

"Njoo i-injini ikiwa imezimwa."

Akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Alikuwa ananiangalia, lakini macho yake yalikuwa yakienda kwenye midomo yangu kila nilipokwama, na yakirudi kwa taabu. Sikuona dharau. Nataka liandikwe hivyo: sikuona dharau.

Walipoondoka, shangazi alibaki kwenye kigoda chake. Nilikwenda kumwomba radhi, maana nilikuwa nimemwaibisha mbele ya wageni. Aliniacha nikwame mpaka nikamaliza. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Nimewauliza mabinti wa nyumba hii miaka mingi. Wote walinyamaza."

Nikasubiri.

"Hata mimi niliulizwa, nikanyamaza. Na mimi ulimi wangu hauna tatizo lolote."

Akapuliza makapi, akaingia ndani. Mumewe, marehemu, alikuwa mtu mzuri kwetu sisi watoto, alikuwa akituletea miwa. Sijui shangazi alimaanisha nini. Sikumuuliza. Lakini nilikaa pale uani mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia.

Kijana hakuja mashineni. Wiki ya tatu ilikuja barua, ya heshima, kwamba familia imeona vema kumwacha binti apumzike. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea kusoma. Nilikuwa nimeponea ndoa na sikujua kwa nini naona uchungu. Kunyamaza kwangu walisoma ndiyo. "Bado" yangu, niliyoitoa kwa jasho, wakasoma hapana. Labda huko kwao binti akisema bado amekataa, na mtu mwenye heshima zake anaelewa na kuondoka. Labda wazee walimzuia. Labda kigugumizi kilimtisha. Na hiyo ni haki yake, nilitaka asikie ili aamue, na alisikia. Siwezi kumwomba mtu anisikie halafu nimkasirikie kwamba amesikia. Nilimkasirikia hata hivyo, kama mwezi mzima.

Alirudi msimu wa mavuno, na magunia. Injini ilikuwa inaunguruma. Alikuwa anaangalia mizani, anaangalia kamba, anaangalia kila kitu. Nikasimama mbele yake na daftari, nikamwangalia mpaka akainua macho. Nikamwonyesha kidole kimoja: sembe? Akaitikia kwa kichwa: ndiyo. Nikaandika.

Mwezi uliopita ililetwa barua ya kumposa mdogo wangu, binti wa baba mdogo, msichana anayesema kama redio. Shangazi aliletwa tena kutoka Kwedizinga. Alitaka niwepo chumbani, na hilo si desturi. Alimweleza habari za kijana, akamuuliza mara moja tu. Mdogo wangu akaangalia chini, akaanza kuchora sakafuni kwa dole gumba la mguu, kama tunavyofundishwa.

Shangazi akamshika kidevu, akamwinua uso taratibu.

"Nijibu kwa mdomo," alisema. "Nina siku nzima."

Mdogo wangu alishtuka, akanigeukia mimi kama vile mimi ndiye ninayejua njia. Nikamwangalia tu. Jibu lake ni lake, siliandiki humu. Lakini alikaa na midomo imefungwa, yeye asiyekwama kwa neno lolote, muda mrefu kuliko niliokaa mimi.